Kusafishwa mara mbili: kisa cha mama mmoja wa Malindi na maumivu ambayo hakuna aliyemuuliza

Mgonjwa ni mama wa miaka 26 kutoka upande wa Mambrui. Hii ilikuwa mimba yake ya tatu; watoto wawili wa mwanzo wako hai na wote aliwazaa kwa njia ya kawaida. Alifika kwenye kituo kimoja cha afya cha Malindi saa 3:30 asubuhi kwa tuktuk, akiwa na mavyaa yake na wifi yake. Damu ilianza kumtoka siku tatu nyuma. Usiku wa kuamkia siku hiyo yalitoka mabonge, na pamoja nayo kitu ambacho mavyaa alikitambua mara moja, akakifunga kwenye kitambaa cheupe. Kwa hesabu ya hedhi yake ya mwisho mimba ilikuwa na wiki 10. Nimebadilisha yote ambayo yangeweza kumtambulisha. Mfuatano wa matibabu sikuugusa.

Presha ilikuwa 104/66, mapigo ya moyo 96 kwa dakika, joto 36.8, kiwango cha damu 10.2. Mlango wa kizazi ulikuwa wazi na damu ilikuwa bado inatoka, si kwa kasi ya kutisha lakini bila kukatika. Harufu mbaya haikuwepo, wala dalili nyingine ya maambukizi. Mimba ilikuwa imeharibika na mabaki yalikuwa bado ndani.

Tabibu alimweleza njia tatu, na alimweleza vizuri. Angeweza kungoja mwili umalize wenyewe. Angeweza kupewa misoprostoli, mikrogramu 600 za kumeza au 400 za kuweka chini ya ulimi. Au angesafishwa, yaani mabaki yavutwe nje kwa bomba la mkono, lile ambalo wodini kila mtu analiita MVA. Alichagua kusafishwa: ana watoto wadogo nyumbani, na akitokwa na damu nyingi usiku ni lazima atafutwe wa kumvusha daraja la Sabaki kurudi mjini. Uamuzi wake ulikuwa wa maana. Hadi hapo sina neno.

Uamuzi huo ulifikiwa saa 4:30. Kisha kukawa na kungoja. Mume yuko Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, na simu yake ilikuwa haipatikani. Wauguzi walitaka "mwenyewe" aseme ndiyo kwanza. Kisheria hakuna sababu: mgonjwa ni mtu mzima mwenye akili timamu, amekubali, na fomu anaitia sahihi yeye. Hata hivyo walingoja, na mume akapatikana saa 5:20. Saa 5:25 mgonjwa alipewa kidonge kimoja cha Brufen cha miligramu 400 na kikombe cha maji. Saa 5:30 alikuwa mezani. Saa 5:40 kazi ilikuwa imekwisha.

Ganzi hakupewa. Hakuna aliyemkataza tabibu, na hakuna aliyemkumbusha. Kuhusu hizo dakika kumi, faili lina mistari mitatu: kanula (mrija unaoingizwa kuvuta mabaki) ya namba 8 ilitumika, mabaki yalitoka, na "amestahimili vizuri". Mapigo ya moyo yaliandikwa mara moja tu, 124, na hakuna aliyeuliza mbona yamepanda hivyo. Muuguzi aliyekuwepo aliniambia baadaye kwamba mgonjwa hakutoa sauti. Alikuwa ameuma pindo la leso, na mara mbili alijivuta juu kuelekea kichwani mwa meza hadi wakamwomba ashuke. Aliambiwa avumilie, wanamalizia. Saa 8 mchana alikwenda nyumbani na Panadol za siku tatu.

Siku ya sita alirudi. Damu haikuwa imekoma, tumbo la chini lilikuwa likimkaza kwa vipindi, na picha ya ultrasaundi ilionyesha mabaki. Homa hakuwa nayo. Alikubali kila kitu isipokuwa kupanda meza ile tena. Alimwambia wifi yake kama ni lazima, basi walale tu huko huko nyumbani.

Kesi ingeweza kuandikwa kama ya mabaki kubaki ndani, jambo ambalo hutokea hata kwa mikono mizuri. Lakini maumivu na mabaki havikuwa visa viwili tofauti hapa, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Maumivu ya kusafishwa hayana chanzo kimoja. Mlango wa kizazi na sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi vina neva zinazotoka chini kabisa mwa uti wa mgongo, S2 hadi S4, na hizi hupita pembeni mwa mlango wenyewe, pahali ambapo sindano ya ganzi inafika. Sehemu ya juu ya mfuko ina neva zake, T10 hadi L1, na ganzi ya mlangoni huipunguza kidogo tu. Mfuko unapoanza kuwa mtupu hujikunja kwa nguvu, na kujikunja huko husukumwa na prostaglandini, kemikali ambayo Brufen na jamaa zake huzuia mwili usiitengeneze. Ndiyo maana ganzi peke yake haitoshi na kidonge peke yake hakitoshi.

Maumivu makali zaidi huja mwishoni. Mfuko hujikunja, huibana kanula, na tabibu huhisi kama anakwaruza kitu chenye chembechembe. Povu jekundu huingia kwenye bomba na hakuna tena kinachotoka. Hizo ndizo dalili anazozitafuta ili ajue amemaliza. Kwa hiyo dakika ambayo mgonjwa anaumia kuliko zote ndiyo ambayo tabibu anahitaji mgonjwa atulie kuliko zote, apitishe kanula pande zote mara ya mwisho. Mgonjwa wetu alijivuta. Mtu anayejivuta na kanula iko ndani anaweza kutobolewa mfuko wa uzazi, na tabibu mwenye busara huacha. Huyu aliacha. Siwezi kuapa kwamba mabaki yalibaki kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba kama ningetaka yabaki, hivyo ndivyo ningefanya.

Turudi kwenye saa. Brufen huhitaji nusu saa hadi dakika 45 ili ianze kusaidia, na nguvu yake kamili huja baada ya saa moja au mbili. Kidonge cha saa 5:25 kilianza kufanya kazi mgonjwa akiwa tayari amefunikwa kitandani. Na dozi ilikuwa ndogo. Kwa kazi hii wengi hutoa 400 hadi 800, na kwa mama asiye na vidonda vya tumbo, asiye na ugonjwa wa figo wala pumu inayochokozwa na aspirini, mimi hutoa 800. Kinachoniuma zaidi ni kwamba muda ulikuwepo. Ile saa moja kasoro dakika kumi ya kumtafuta mume, ambayo sheria haikuidai, ilikuwa ndiyo saa ya dawa. Dawa ilikuwa kabatini hatua sita kutoka alipokaa.

Panadol sitaizungumzia sana. Ni dawa nzuri ya homa na kichwa, lakini kutolewa kabla ya kusafishwa haijaonyesha faida ya maana. Diazepam nayo hutuliza woga na humfanya mtu asahau, hata asubuhi akasema hakumbuki kitu. Maumivu yenyewe haiyapunguzi. Kuna wodi wanaohesabu usahaulifu kuwa ni tiba. Sikubaliani nao.

Ganzi ndiyo yenye ubishi wa kweli. Tabibu wa mara ya kwanza, ambaye namheshimu na ambaye mikono yake ni mizuri kuliko ya wengi, alijitetea kwa hoja mbili. Ya kwanza: sindano yenyewe inauma, na kazi nzima ni dakika tano au kumi, kwa nini umuumize ili usimuumize? Ya pili: mlango wa mgonjwa huyu ulikuwa tayari wazi, hapakuwa na haja ya kuutanua, na kutanua ndiko kunakouma.

Hoja ya kwanza imewahi kupimwa. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowalinganisha wanawake 120, nusu wakachomwa ganzi ya mlangoni na nusu wakafanyiwa igizo la sindano bila dawa. Waliochomwa kweli waliumia wakati wa sindano, hilo halifichwi. Lakini wakati wa kutanua na wakati wa kuvuta waliumia kidogo kuliko wenzao. Hoja ya pili ina uzito zaidi, kwa sababu wanawake wa utafiti ule walikuwa wakitoa mimba za wiki za mwanzo na milango yao ilikuwa imefunga, kinyume na huyu wetu. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka huo huo, yaliyoangalia hasa kusafishwa baada ya mimba kuharibika, hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuiweka njia moja juu ya nyingine. Yalishauri watu waendelee kutazama upatikanaji, usalama, gharama na anachotaka mwanamke mwenyewe. Kuna wanaoyasoma hayo kama ruhusa ya kutotoa kitu. Hayakusema hivyo. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, linapendekeza dawa ya maumivu itolewe kama kawaida kwa kila anayepitia huduma hizi, ganzi ya mlangoni kwa wanaosafishwa kabla ya wiki 14, na nusu kaputi isiwe mazoea. Pahali penye vifaa na mtu wa kusimamia pumzi, ganzi inaweza kuongezewa dawa ya kusinziza kidogo. Kituo chetu hakina mtu huyo kila siku, kwa hiyo hilo tuliliacha.

Basi kwa nini haikutolewa? Nilifungua kabati. Lignokeini, dawa yenyewe ya ganzi, ilikuwepo, chupa mbili za asilimia 2, na moja ilikuwa imebandikwa plasta iliyoandikwa kwa kalamu nene: KUSHONA. Ilikuwa ya kina mama waliochanika wakati wa kujifungua. Hakuna aliyeandika kwamba ni ya hao tu. Plasta ndiyo iliyokuwa sera. Trei ya MVA ilipangwa bila sindano ndefu na bila chupa ile, na mtu anapokuwa ameshavaa glavu haendi kufungua kabati.

Mara ya pili alikuwa tabibu mwingine, na mimi nilisimama kichwani. Saa 3:10 mgonjwa alimeza Brufen 800 juu ya chai na mahamri aliyoletewa na wifi. Mavyaa alikuwa na hofu yake.

"Mwanangu, hiyo ganzi si ile ya mgongo? Nasikia huharibu kiuno."

"La, mama. Hii haiendi mgongoni. Ni kama ya kung'olea jino, ila huku chini."

Akasema basi bismillahi.

Lignokeini ya asilimia 2 tulichukua mililita 10, tukaichanganya na mililita 10 za maji chumvi ya sindano, ikawa mililita 20 za asilimia 1, yaani miligramu 200. Mgonjwa ana kilo 52, na kikomo ni miligramu 4.5 kwa kila kilo kwa chupa isiyo na adrenalini, kwa hiyo kwake ni 234. Hesabu hii haichukui nusu dakika na ni lazima ifanywe kwa sauti, mmoja akisema na mwingine akisikia, kwa sababu kinamama wetu wengine wana kilo 40 na hao 20 nzima inawazidi. Tabibu alichoma mililita 2 juu kabisa, kwenye namba 12 ya uso wa saa, pale koleo litakaposhika. Zilizobaki alizigawa pahali pane, kwenye namba 2, 4, 8 na 10, kwa kina cha sentimita 3 hivi, polepole, kila pahali akivuta bomba kwanza kuona kama damu inaingia. Nilimwambia mgonjwa aniambie akisikia midomo inafa ganzi, masikio yanavuma au ladha ya chuma mdomoni, kwani hizo ndizo dalili za dawa kuingia kwenye mshipa au kuzidi. Hakusikia kitu. Tulingoja dakika tatu.

Tulikuwa tumepatana akiinua mkono, kila kitu kinasimama. Aliuinua mara moja. Tabibu alisimama, akahema, akaniangalia, mgonjwa akasema haya endeleeni. Kazi ilichukua dakika tisa. Mabaki yalisuuzwa kwenye chujio na kutazamwa mbele ya taa. Mapigo ya moyo hayakupita 104.

Nilimuuliza mara mbili, katikati na baada ya nusu saa. Ile mizani ya sifuri hadi kumi haikumwingia, na sikumlazimisha. Nilimwomba alinganishe na anachokijua. Sindano ilimchoma, alisema. Kuvuta kulikuwa kama maumivu ya mwezini, ya siku mbaya. "Na mara ile ya kwanza?" Alikaa kimya kidogo. "Sista, afadhali uchungu wa kuzaa."

Sitaki kumfanya mgonjwa mmoja awe utafiti. Mara ya pili mabaki yalikuwa machache, alijua kinachokuja, na tabibu alikuwa mwingine. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuwa na sehemu yake.

Nilimuuliza pia mbona hakulia mara ya kwanza, wakati angeweza hata kuwaambia waache. Jibu lake sikulitarajia. Alipofika siku ile ya kwanza aliulizwa na watu wawili tofauti, "Ulikunywa nini?", na wa pili alipouliza mavyaa alikuwa amesimama pale pale. Alijibu kweli: hakunywa kitu, mimba hii walikuwa wakiitaka. Hakuonekana kuaminiwa. "Nikaona nikipiga kelele mtasema niliitoa mwenyewe, hao wanalia kwa sababu wanajijua."

Swali lenyewe lina kazi. Aliyetumia miti au vidonge vya dukani anaweza kuwa na maambukizi au jeraha, na tabibu anahitaji kujua. Lakini kuna kuuliza faraghani, mara moja, ukieleza kwamba jibu lolote halitabadilisha jinsi utakavyohudumiwa, na kuna kuuliza kwa namna ambayo ukoo mzima unasikia hukumu. Woga huu hauko kwa wagonjwa tu. Wahudumu wa Kilifi wanakumbuka mwenzao aliyekamatwa baada ya kumsafisha msichana aliyefika akitokwa na damu. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ilisema kukamatwa kule hakukuwa halali. Huduma ya mwanamke ambaye mimba yake imeshaharibika haina utata wowote. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini mtu anayefanya kazi kwa woga hufanya haraka, na haraka haingojei Brufen.

Kwa hiyo kimya chake kilikuwa na sababu, na faili likakisoma kama uzima. "Amestahimili vizuri" iliandikwa na mtu ambaye hakumuuliza. Kwetu huku mwanamke hufunzwa tangu udogoni kwamba uchungu ni siri yake na stara yake; mavyaa mwenyewe alinieleza kwa fahari kwamba watoto wake saba aliwazaa bila jirani kusikia. Muuguzi aliyekulia hapa hapa analijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado akasubiri kelele.

Kuna jambo la pembeni ambalo sitaki lipotee. Kile kitambaa cheupe. Siku ya kwanza hakuna aliyeuliza kilikwenda wapi, na mavyaa alikwenda nacho nyumbani, akakizika nyuma ya nyumba kabla ya magharibi. Mara ya pili tuliwauliza kabla kama wanataka kupewa mabaki au tuyapeleke kwenye kichomea taka cha hospitali. Wakaomba wapewe. Haikutugharimu ila chombo chenye kifuniko.

Alikwenda na Brufen 400 ya kila saa nane kwa siku tatu, na maelezo kwamba yai linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili, kwa hiyo kama wanataka kupumzika kabla ya mimba nyingine wasingoje hedhi ndipo waanze uzazi wa mpango. Wiki mbili baadaye damu ilikuwa imekoma.

Baada ya hapo tulibadilisha vitu vitatu kwenye kituo. Brufen hutolewa pale pale sahihi inapowekwa kwenye fomu, na saa ya kidonge huandikwa juu ya ukurasa ili tabibu aone kama dakika 45 zimepita. Chupa ya lignokeini na sindano ndefu viko kwenye trei, plasta imebanduliwa. Na faili lina mstari wa maneno ya mgonjwa mwenyewe, si ya aliyemtazama. Tabibu wa mara ya kwanza bado anasema mlango ukiwa wazi ganzi ni hiari, na nimekubaliana naye kwa sharti kwamba hiari iwe ya mgonjwa. Ameanza kuwauliza. Wengi, anasema, huitaka.

Zamu ya usiku bado haijakaa sawa. Ufunguo wa kabati la dawa huondoka na msimamizi saa 11 jioni, trei moja ikitumika hakuna ya pili, na anayefika saa 6 usiku akitokwa na damu bado anapewa kilichopo mfukoni mwa muuguzi. Tumeomba ufunguo wa pili.